Huyo Mungu amepotea wapi?

Swali: Mwalimu, Bwana asifiwe. Mimi ni mama wa watoto wanne, nauza mivumba, yaani nguo za mitumba, sokoni Busia, upande wa Uganda. Nililelewa Kanisa la Uganda, lakini miaka miwili sasa nasali kanisa la kilokole. Mchungaji wetu anatuambia kila wiki: mtafute Mungu. Nimefunga siku 21 mara mbili, nakesha kila Ijumaa, nimepanda mlima wa maombi, nimetoa mbegu ya laki mbili iliyokuwa ada ya mtoto. Wenzangu wanasema wamemwona, mmoja katika ndoto, mwingine kama mwanga. Mimi sijaona kitu. Yeremia 29:13 inasema tutamwona tukimtafuta kwa moyo wote. Je, moyo wangu una kasoro gani? Mume wangu ni dereva wa lori, hasali sana, ananicheka: "Huyo Mungu amepotea wapi?" Hata ile furaha ya mwanzo imekwisha, na wifi yangu wa Tororo hatusemezani tangu mambo ya pesa za kikundi. Nisaidie, kumtafuta Mungu ni kufanya nini hasa?

Jibu: Dada yangu wa Busia, asifiwe milele. Barua yako nimeisoma mara tatu. Nitakujibu kama mwalimu wa Agano la Kale, maana ndiyo kazi niliyoifanya hapa Mbale hadi mvi zikanijaa, na pia kama mtu aliyewahi kupanda mlima wa maombi kama wewe.

Nianze na neno dogo ambalo nadhani limekunyima usingizi kuliko hiyo mikesha. Unasema hujaona kitu. Biblia yetu ya Union, iliyotoka kamili mwaka 1952, ina Kiswahili chenye asili ya pwani, na huko kuona ni pamoja na kupata. Mtu wa Unguja akikuambia "nimeutafuta ufunguo sikuuona", halalamikii macho yake. Ndiyo maana Mathayo 7:7 inasema "tafuteni, nanyi mtaona", na Luka 2:46 inasema Yusufu na Mariamu, baada ya siku tatu za kumtafuta mtoto Yesu, "wakamwona hekaluni", yaani walimkuta huko. Katika Yeremia 29:13 neno la Kiebrania ni matsa: kupata, kukuta, kukifikia kitu. Hamna ndoto ndani yake wala mwanga. Tena aya tano tu juu yake, katika barua hiyohiyo, Yeremia anawaonya watu wasidanganywe na manabii wao na ndoto zao.

Basi wenzako walioota waache na ndoto zao. Sisemi wanadanganya, Biblia imejaa watu walioota. Nasema wewe hukunyimwa kitu ulichoahidiwa.

Barua hiyo isome yote. Kuichukua aya ya 13 peke yake ni sawa na kununua belo zima kwa kuona shati moja la juu, na wewe unajua yaliyomo chini. Iliandikwa kwa Wayahudi waliochukuliwa mateka Babeli mwaka 597 K.K. Hekalu liko mbali, na nabii mmoja, Hanania, anatangaza kwamba ndani ya miaka miwili kila kitu kitarudi. Miaka miwili, dada! Yeremia anasema sabini. Kisha anawaambia la kufanya kwa muda huo: jengeni nyumba mkae, pandeni bustani mle matunda yake, oeni na mwoze watoto wenu, na mji mliopelekwa mkautakie amani. Hapo kwenye "kautakieni amani mji ule", katika aya ya 7, Kiswahili kinatuficha jambo. Kitenzi cha Kiebrania ni darash, kutafuta, na kitenzi hichohicho ndicho kinachorudi katika aya ya 13: "mtakaponitafuta kwa moyo wenu wote". Neno moja limebeba amani ya mji na limembeba Mungu mwenyewe. Mateka wale hawakuwa na mlima wa maombi. Walikuwa na mboga za kumwagilia, wakwe wa kukaribisha, na majirani wa Babeli ambao hawakuwapenda. Humo ndimo walimoambiwa wamtafute.

Sasa hilo neno lenyewe. Kiebrania kina vitenzi viwili ambavyo sisi vyote tunaviita kutafuta, na aya yako ya 13 inavyo vyote viwili. Baqash mara nyingi ni kutafuta kitu usichokiona mbele yako. Darash ni kumwendea mtu, kumwuliza, kufuatilia jambo, kulijali. (Mpaka kati yao si ukuta, mara nyingi vinaingiliana, wanafunzi wangu waliopenda majibu ya mstari mmoja walinichukia kwa sentensi hii.) Mahali pazuri pa kuvikuta pamoja ni 1 Samweli 9. Punda wa baba yake Sauli wamepotea. Sisi wa chini ya Mlima Elgon tunawajua punda wa Sebei: ukizembea na kamba asubuhi, jioni unauliza Kapchorwa nzima. Sauli anawatafuta punda, baqash, anapita nchi hii na ile, wapi. Mtumishi wake anamwambia, katika mji huu yuko mtu wa Mungu, twende kwake. Hapo kitenzi kinabadilika. Aya ya 9 inazungumza habari ya kwenda kumwuliza Mungu, na hiyo ni darash.

Unaona tofauti? Punda hutafutwa kwa sababu hujui aliko. Mungu hutafutwa kwa sababu unajua aliko, ila hujamwendea.

Kiswahili chetu cha sokoni kinalijua hili bila kufundishwa Kiebrania. Mteja akikuambia "nitakutafuta Jumamosi", hamaanishi kwamba umepotea. Meza yako anaijua. Anamaanisha nitakuja, nitakupigia, tuna jambo. Na wewe unajua vizuri kuliko mimi tofauti ya mteja anayekutafuta siku belo linafunguliwa tu, na yule aliyekutafuta siku ulipofiwa.

Katika safari hiyo ya Sauli kuna kitu kingine ambacho siwezi kukipita, kwa sababu ya laki mbili zako. Njiani Sauli anahangaika: tutampelekea nini huyo mtu wa Mungu, hata mkate umekwisha? Mtumishi anasema anayo robo shekeli ya fedha. Wanapofika, Samweli anawaambia punda wameonekana kabla ya mtu yeyote kutaja fedha, halafu anawakalisha mezani na kuwapa chakula. Hakuna panaposema aliipokea ile robo. Mimi sipingi sadaka, naitoa na nimewafundisha watu kuitoa. Lakini ada ya mtoto ni ya mtoto. Yesu aliwakemea watu waliowanyima wazazi wao msaada kwa kisingizio kwamba mali hiyo ni korbani, imekwisha kutolewa kwa Mungu (Marko 7:11). Toa neno mzazi, weka neno mtoto, kesi ni ileile. Mtoto akirudishwa nyumbani kwa sababu ya ada, usimwambie kwamba Mungu ndiye aliyeichukua.

Nami sikucheki. Nikiwa kijana nilikwea kilima siku tatu bila chakula, nikarudi midomo imepasuka, nikawaambia watu nilikuwa nikimtafuta Mungu. Nilikuwa nikitafuta ufadhili wa masomo. Nilipoupata, maombi yangu yalipungua ndani ya mwezi mmoja, na hiyo ndiyo iliyonionyesha nilikuwa namtafuta nani. Umati wa Kapernaumu ulivuka ziwa zima kumtafuta Yesu, naye akawajibu kwa ukali kidogo: mnanitafuta kwa sababu "mlikula ile mikate, mkashiba" (Yohana 6:26). Hata hivyo hakuwafukuza. Alikaa nao akazungumza habari ya mkate sura nzima, na wengi wakaondoka wenyewe, wakisema neno hilo ni gumu. Kumwomba Mungu kazi, mtoto, viza, au soko zuri si dhambi. Ila uliite kwa jina lake: hayo ni maombi ya mahitaji. Usiyaite kumtafuta Mungu, maana siku mahitaji yasipojibiwa utadhani Mungu mwenyewe ndiye aliyekosekana. Nahisi sehemu ya uchovu wako iko hapo.

Sasa mumeo. Anakutania, lakini swali lake ni zito kuliko anavyodhani. Katika Biblia anayeuliza "uko wapi?" kwanza ni Mungu, na anayejificha nyuma ya miti ni mtu (Mwanzo 3:9). Katika Luka 15 kondoo hamtafuti mchungaji, wala sarafu haimtafuti mwanamke mwenye ufagio. Paulo anaandika moja kwa moja kwamba hakuna amtafutaye Mungu (Warumi 3:11), na huyohuyo Paulo kule Athene anasema Mungu aliwaweka watu duniani ili wamtafute, hata kama ni kwa kupapasa-papasa, "ijapokuwa hawi mbali na kila mmoja wetu" (Matendo 17:27). Wanatheolojia wameandika vitabu vinene kuhusu jinsi maneno hayo mawili yanavyokaa pamoja, nami sitakuchosha navyo. Kwa mama mwenye meza sokoni inatosha kujua hivi: hamu unayoijua wewe, hiyo iliyokufanya uandike barua ndefu usiku, haikuanzia kwako. Umekwisha kutafutwa. Kwa hiyo mjibu mumeo kwamba Mungu hajapotea. Mwambie kwa upole, na usiongeze kwamba yeye ndiye aliyepotea, najua walokole tunavyopenda kumalizia hivyo.

Kuhusu kufanya nini hasa, ngoja nikupeleke kwetu hapahapa. Wakristo wa kwanza wa Buganda waliitwa abasomi, wasomaji. Wamisionari wa Kianglikana walifika kwa Kabaka Mutesa, mfalme wa Buganda, mwaka 1877, Wakatoliki 1879, na Kiswahili ndicho kilichotumika sana mwanzoni kuzungumzia dini pale ikulu. Mwishoni mwa 1882 mapadre waliondoka, hawakurudi hadi 1885. Fikiria: waumini wachanga, wengi wao vijana watumishi wa ikulu, hawana padre, hawana misa. Walifundishana wenyewe kwa wenyewe, wakasoma na kukariri, wakasali pamoja, wakaongezeka. Wala hawakuacha kazi. Walikuwa wakilinda malango, wakibeba ujumbe, wakihudumia baraza la mfalme, na katikati ya zamu wanaulizana maana ya neno fulani. Usiku wa kuamkia safari ya kifo, walipohukumiwa kwa ajili ya imani yao mwezi Mei 1886, Karoli Lwanga, kiongozi wao, aliwabatiza wenzake waliokuwa bado, mmojawao Kizito, kijana mdogo. Lwanga aliuawa Namugongo tarehe 3 Juni. Kila mwaka tunatembea kwenda huko, wengine kwa miguu siku nyingi, na ni vizuri. Lakini kinachonigusa zaidi ni ile miaka mitatu ya kati, ambayo haina sikukuu: watu wa kazi wakimtafuta Mungu kazini, kwa kusoma kidogo na kuulizana sana.

Kwa hiyo la kwanza ninalokuomba ni usomaji. Zaburi moja asubuhi kabla hujafungua meza, isome kwa sauti, polepole, na injili ya Marko kidogo kidogo, aya kumi hivi. Ukikutana na jambo usilolielewa, liandike, umwulize mtu. Huko kuuliza ndiko darash yenyewe. Wayahudi hadi leo ufafanuzi wa Maandiko wanauita midrash, mzizi uleule.

Mkesha na kufunga sitakukataza. Yesu alikesha usiku kucha akiomba (Luka 6:12). Lakini angalia mambo mawili. Kama unameza dawa za kila siku, ziwe za presha, sukari au virusi, usifunge bila kumwuliza mhudumu wa afya, wala usiache dawa kwa agizo la mtu yeyote wa madhabahuni. La pili liko katika Isaya 58, sura ambayo makanisa mengi husoma nusu. Watu wamefunga, na Mungu mwenyewe anakubali kwamba "wanitafuta kila siku", kitenzi ni kilekile. Wanalalamika kama wewe: mbona tumefunga, nawe huoni? Jibu analowapa haligusi idadi ya siku. Anawaambia siku ya kufunga kwenu mnawabana wafanyakazi wenu, mnafunga huku mnagombana na kupigana ngumi. Amosi alikuwa mkali zaidi. Watu wa ufalme wa kaskazini wa Israeli walikuwa na mahali pao pa hija, Betheli na Gilgali, wengine wakateremka hadi Beer-sheba kusini kabisa. Naye akawaambia: nitafuteni mimi, nanyi mtaishi, msitafute Betheli (Amosi 5:4-5). Aya tisa baadaye maneno hayohayo yamegeuka kuwa "tafuteni mema", na hayo mema anayataja: haki langoni, mahali kesi zilipoamuliwa na maskini waliponyimwa haki yao. Katika mazingira yako langoni ni pale sokoni, ni bei unayompa mgeni asiyejua, ni mshahara wa binti anayekusaidia nyumbani.

Watawa wa Mtakatifu Benedikto wana kanuni ya tangu karne ya 6 inayoagiza mtu anayebisha hodi akitaka kujiunga nao apimwe kama kweli anamtafuta Mungu. Hawaulizi ameona nini. Wanaangalia kama anapenda sala ya pamoja, kama anaweza kutii, na kama anavumilia kushushwa. Ni kipimo kikavu kweli, lakini kimedumu.

Ile furaha iliyokwisha isikutishe. Siijui sababu yake kwako, na ninamwogopa mchungaji anayeijua haraka. Inaweza kuwa ni mwili tu: mikesha ya kila Ijumaa na soko la Jumamosi huku una watoto wanne, hapo hata malaika angechoka. Inaweza kuwa ni jambo ambalo Isaya alilikubali waziwazi, "Hakika wewe u Mungu ujifichaye" (45:15). Mimi nilipomzika mwanangu nilikaa zaidi ya mwaka nikisoma zaburi kama mtu anayesoma risiti. Niliendelea kusoma kwa sababu sikujua la kufanya badala yake. Nilipoanza kusikia tena, haikuwa kwa kishindo. Siku moja niligundua kwamba Zaburi ya 13 ilikuwa imesema "hata lini" mara nne na hakuna aliyeikemea. Nikalia, nikaenda kumwagilia kahawa. Kama unataka ishara, yangu ndiyo hiyo, na haina mwanga.

Nimebakiza wifi yako. Ulimtaja mwishoni kama mtu anayepita tu, lakini nimefundisha muda mrefu na nimejifunza kwamba watu huandika jambo lenyewe karibu na mwisho. Umehesabu vizuri: miaka miwili unasali huko, na furaha imepungua. Hukusema hizo pesa za kikundi ni za lini, nami sitakisia. Yesu anasema ukiwa umekwisha kufika madhabahuni na sadaka mkononi, ukakumbuka ndugu yako ana neno juu yako, iache hapohapo uende ukapatane naye kwanza (Mathayo 5:23-24). Hakusema maliza mfungo kwanza.

Huo uamsho wa walokole ulio nao sasa una mizizi hapo. Mwaka 1929 Mganda Simeoni Nsibambi na daktari Mwingereza, Joe Church, walikutana Namirembe, Kampala, wakakaa na Biblia siku mbili, na mengi ya yaliyofuata Uganda, Rwanda na hadi Tanganyika yanatajwa kuwa na chimbuko katika mazungumzo ya namna hiyo. Majirani hawakuwatambua walokole wa kwanza kwa kupaza sauti tu. Waliwatambua kwa sababu watu walianza kurudisha walichoiba na kuungama waliyoyaficha. Waliita kutembea nuruni. Siku hizi tumebaki na spika.

Basi Ijumaa hii, kabla ya mkesha, au badala yake, panda gari uende Tororo. Usiende na hotuba, wala usimwambie umeokoka kuliko yeye. Kama ni wewe uliyekosea hesabu, sema, ulipe hata kidogo kidogo. Kama unaamini ni yeye, msikilize kwanza mpaka amalize, maana inawezekana naye ana toleo lake. Daftari la kikundi, kama bado lipo, libebe.